Mpiga Gunda wa Kisiwani

Kisiwani hakuna bahari. Ni kijiji cha mgongoni mwa mlima, mwendo mrefu ukishaipita Mtae, na kiliitwa hivyo kwa sababu asubuhi ukungu ukijaa mabondeni hubaki watu wake tu juu, na migomba yao na matuta yao ya kabichi, dunia nyingine yote imefunikwa. Wenyewe hulipenda jina hilo. Huwafanya wajione wana nchi yao. Na kweli walikuwa nayo, mpaka ulipokuja uchaguzi mkuu wakaikata vipande kwa mikono yao.

Mtu wa habari hii ni Hashimu Shekalaghe, mpiga gunda. Mfupi, shingo nene, mkulima wa kabichi na pea, na hasira zake ziko karibu kama kiberiti cha mfukoni. Mkewe Mwanamisi alishamzoea; akimwona anaanza kupumua kwa pua, huondoa sahani mezani kimyakimya. Lakini hata waliomchukia Hashimu, na hawakuwa haba, wakilisikia gunda lake waliacha walichokishika.

Gari halifiki majumbani Kisiwani. Linaishia shuleni, kileleni, kwenye Kitongoji cha Juu. Anayeugua Kitongoji cha Chini hupandishwa kwa machela: miti miwili ya mkaratusi, magunia yaliyoshonwa katikati, wanaume wanne mabegani na wengine nyuma wakisubiri zamu. Gunda, pembe ya tandala iliyotobolewa ubavuni, ndilo linalowaita. Likilia, kila mwanamume wa vitongoji vyote viwili anatoka na mti au kamba, na haulizi mgonjwa ni nani. Bwana harusi anatoka. Anayelima anaacha jembe limesimama kwenye tuta. Asiyetokea hutozwa mbuzi, na mbuzi si kitu. Kitu ni kwamba siku akiugua yeye, watu watakuja, ndiyo, lakini watakuja wakitembea.

Mpiga gunda ndiye hutangulia mbele ya machela. Huonya jiwe, huonya utelezi, huita "Bega!" watu wapokezane. Hashimu aliirithi kazi hiyo kwa baba yake na aliifanya kwa jeuri na kwa mapenzi. Aliwahi kumpandisha mtu aliyemshtaki kwa ajili ya mpaka wa shamba. Alimtukana njia nzima, mgonjwa naye akamjibu kutoka kwenye magunia, wakafika shuleni wote wawili sauti zimekauka. Yule bwana akapona, kesi ikaendelea. Ndivyo walivyoishi, na hayakuwa maisha mabaya.

Basi uchaguzi ukaja. Vyama vyenye nguvu pale vilikuwa viwili, na watu waliviita kwa alama zake: Taa na Mtungi. Juu walikuwa Taa, Chini walikuwa Mtungi. Urais waliuzungumza kidogo tu, uko mbali. Kilichowatoa mishipa ya shingo ni udiwani. Mgombea wa Mtungi alikuwa Faraji, mwenye duka la mbegu na dawa za mimea, mwenyeji wa Chini, na aliahidi kuiteremsha barabara mpaka mlangoni kwa watu. Hashimu, ambaye mabega yake yalijua maana ya kukosa barabara, alimwamini moyo wote. Kwa hilo hakuwa mjinga. Ujinga wake ulikuja baadaye.

Taa walikuwa na spika kubwa na jenereta. Mtungi walikuwa na Faraji na meza. Siku ya mkutano wao mkubwa kulikuwa na manyunyu na baridi, watu wako mashambani wanapalilia, na uwanjani pale Chini walikuwa wamesimama wazee wachache na mbwa. Faraji akamwendea Hashimu nyumbani.

"Kaka Hashimu, lipige tu mara moja. Watu wakija watasikia sera, basi."

"Lile ni la wagonjwa."

"Na sisi tu wazima? Barabara hatuna, wake zetu wanafia njiani. Unataka ugonjwa gani mwingine?"

Hashimu akacheka. Maneno yalimwingia. Tena alipenda kubembelezwa, hilo lisemwe wazi, na hakuna aliyekuwa amembembeleza kwa jambo lolote tangu ujana wake. Akalitoa gunda darini jikoni, lilikokaa ili moshi ulikaushe, akatoka nalo uani, akalipiga.

Walikuja. Wee, walikuja! Wa Juu waliteremka mbio wakianguka kwenye utelezi, miti mabegani, kamba shingoni. Alen, Mlutheri mmoja jirani yake Hashimu, aliyekuwa mbebaji wa mbele kwa sababu ya mabega yake mapana, alifika na povu la sabuni masikioni. Mwanamke mmoja alikimbia kutoka Juu akidhani mgonjwa ni mama yake. Wakamkuta Faraji amesimama juu ya meza, kavaa kofia mpya, anawapungia mkono.

Wengine walicheka. Yule mwanamke alikaa chini kwenye matope akalia kwa hasira. Aliyesema neno alikuwa Salimu, mpasua mbao wa Juu, kiongozi wa vijana wa Taa, na mume wa Rukia, binti pekee wa Hashimu.

"Baba, shikamoo yako nakupa," alisema, pumzi bado zinamkimbia. "Lakini kuanzia leo mkilipiga hilo, sisi tutajua ni la chama."

Hashimu akamzaba kibao cha uso.

Kwa Wasambaa mtu na mkwewe huoneana haya. Hawataniani, hawakai mkeka mmoja ovyo. Kumpiga mkwe mbele ya kijiji kizima ni aibu ambayo watu hawakuwa na neno lake. Salimu hakurudisha. Alifuta damu mdomoni kwa mkono wa shati, akachukua mti wake, akaupanda mlima. Na Hashimu, badala ya kujuta, alikwenda nyumbani akala akashiba.

Rukia alikuwa hapohapo kwa wazazi wake, tumbo limemjaa. Mimba ya kwanza mwanamke huja kuizalia kwa mama yake, na Salimu alikuwa akiteremka kila jioni kumletea kuni na kumtazama. Baada ya kibao hakuteremka tena. Rukia alikaa kizingitini jioni zile akiiangalia njia, na baba yake akipita anamwambia aingie ndani, baridi. Alijua fika anachokiangalia.

Kampeni ikaota meno. Asubuhi moja Hashimu aliamka akakuta tuta zima la kabichi zake limefyekwa kwa panga, vichwa vimetupwa mtoni. Nani alifanya hivyo hakujulikana hata leo, lakini Hashimu aliapa ni Salimu, na ukimwuliza ushahidi alikutazama kama wewe ndiye mwenye panga. Siku chache baadaye kibanda cha Taa kikachomwa moto Juu, na mlinzi wake akatolewa ndani ngozi ya mgongo ikining'inia. Hashimu aliposikia alisema, "Vizuri." Mwanamisi alikuwa anachambua mboga. Akainua macho akamwangalia mume wake muda mrefu, kisha akarudi kwenye mboga zake.

Basi ikawa wa Juu hawanunui Chini, wa Chini hawapeleki mahindi mashine ya Juu. Vijana wakatembea na marungu mchana kweupe. Kwenye msiba mmoja watu wa vitongoji viwili walisimama pande mbili za kaburi, na mchanga ulitupwa kwa zamu, na mmoja alipomgonga mwenzake kwa kiwiko jembe lilipanda juu kabla hata maiti haijafunikwa. Hayo yalikuwa Kisiwani, ambako watu walizoea kubebana.

Siku ya kura foleni ilikuwa ndefu na ya kimya. Hashimu alipiga kura yake mapema, akatoka, akapishana na Salimu mlangoni mwa darasa. Salimu hakutoa shikamoo. Alitazama pembeni. Hashimu akatema mate chini. Halafu akabaki palepale uwanjani na wenzake wa Mtungi kuyalinda masanduku kwa macho, kama walivyobaki wa Taa upande wa pili. Simu zilikuwa hazishiki mtandao tangu asubuhi, na kila mtu alikuwa na maelezo yake ya kwa nini.

Nyumbani uchungu ulikuwa umemshika Rukia tangu alfajiri. Rahabu, mkunga wa Chini, alikuwa naye. Alikuwa mama wa makamo asiye na maneno mengi, na alipokuwa na maneno watu waliyasikiliza. Alasiri alitoka mlangoni akanawa mikono mara mbili. Mwanamisi akajua si kuzuri.

Hashimu aliporudi kula alikuta chakula hakijapikwa.

"Mtoto amelala kikingama," Rahabu alimwambia. "Mkono ndio unatangulia. Mimi hapa sina langu tena, baba Rukia. Anatakiwa hospitali, na anatakiwa sasa."

"Mpelekee habari mumewe," Mwanamisi alisema. "Tuma mtu mbio Juu. Salimu akijua, wale vijana wote watateremka, na gari lililoleta masanduku liko shuleni, atalizuia."

"Mtu yule asiambiwe."

"Hashimu, ni mke wake."

"Nimesema asiambiwe! Aliyefyeka kabichi zangu ndiye atakayemwokoa mwanangu? Gunda ninalo. Watu ninao."

Chumbani Rukia alipiga kelele. Haikuwa kelele ya uchungu wa kawaida, na Hashimu, aliyewahi kubeba wanawake wengi, aliijua. Alimpenda binti yule kupita chochote alichokuwa nacho, na hakuwahi kumwambia, maana kwao mambo hayo hayasemwi. Akalivuta gunda darini, akatoka, akalipiga mpaka kifua kikamwuma.

Wakaja watu wa Chini. Hapo ndipo alipoiona kwa mara ya kwanza kazi ya mikono yake. Nusu yao walikuja na kamba na miti. Nusu walikuja na mapanga na mawe, macho yamewaka, wakiuliza masanduku yameibwa saa ngapi.

"Ni machela!" Hashimu alipaza sauti. "Ni Rukia! Wekeni hivyo vitu chini!"

Wengine waliweka. Wengine waliingiza panga ndani ya koti, kwa sababu njia ilipita Juu na hakuna aliyetaka kupita Juu mikono mitupu. Hashimu aliona. Hakuwa na muda wa kubishana. Rukia alilazwa kwenye magunia, kichwa kitangulie kwa kuwa wanapanda, Mwanamisi akamfunika kwa blanketi. Alen alishika mti wa mbele kulia, mahali pake pa siku zote.

"Tate," Rukia alimwita baba yake. "Salimu yuko wapi?"

"Tunakwenda huko," Hashimu alisema.

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni kama unavyopanda saa zile za jioni, mzito, mweupe, mtu haoni hatua chache mbele. Walipanda haraka. Hashimu alitangulia na fimbo yake ya mkwaju, akiita jiwe, akiita bega, na kila baada ya kona alipiga gunda ili wa Juu waje kuwapokea. Alidhani anaita msaada. Kila alipolipiga, alikuwa anamuua mtu.

Kule shuleni milango ya darasa ilikuwa imefungwa, kura zinahesabiwa kwa mwanga wa taa. Gunda lilipolia mara ya kwanza watu wa Juu walitazamana. Zamani wangekuwa wameshafika nusu ya njia. Mtu mmoja akasema, "Haya, Mtungi hao, wanafuata masanduku." Likalia tena, karibu zaidi, na nyuma yake zikasikika hatua za watu wengi wanaokimbia. Dereva wa lile gari, mgeni aliyekodiwa kutoka mbali, aliuliza ile pembe ni ya nini. Wakamwambia. Akaingia ndani ya gari, akawasha, akaondoka kwa kasi na milango ikipigapiga, akapotelea kwenye barabara ya Mtae. Lilikuwa gari pekee kileleni siku ile.

Salimu aliwapanga vijana wake mahali njia inapotokea uwanjani, kwenye mwanya kati ya kingo mbili za udongo. Walikuwa na marungu, mawe, na mapanga ya kukatia majani ya ng'ombe. Hakutaka mtu auawe, alisema hivyo baadaye na pengine ni kweli. Alitaka wasipite.

Kwenye ukungu waliona miti. Miti mirefu imeinuliwa mabegani, inakuja.

Jiwe la kwanza lilimpata Hashimu begani, gunda likamponyoka likagonga mwamba. "Machela!" alipiga kelele. "Machela, nyie watu! Machela!" Sauti yake ilizama kwenye kelele za wengine, maana waliokuwa nyuma yake na mapanga kotini walikuwa wameshayatoa na wanapita pembeni mwa machela kwenda mbele, wakitukana kwa Kishambaa na Kiswahili. Mawe yalimiminika. Mtu alianguka akishika jicho, damu inapita katikati ya vidole. Rungu lilivunja meno ya mtu na yakasikika yakivunjika. Wabebaji wawili wa nyuma walitua miti yao wakaingia vitani, na machela ikainama, na Rukia akateleza kuelekea chini akilia.

Alen hakutua. Mwenzake wa kushoto alikuwa amekimbia, yeye aliipokea miti yote miwili ya mbele, mmoja kila mkono, amepiga magoti kwenye matope ili machela isipinduke. Aliyetokea kwenye ukungu na panga alimkuta hivyo, mikono yote miwili imejaa. Panga lilimpata juu ya sikio. Mtu mwingine yeyote angeinua mkono kujikinga. Alen aliinamisha kichwa tu, akaishusha machela taratibu mpaka ikagusa ardhi, ndipo akalala ubavu kando yake.

Hashimu aliona hilo kwa macho yake, na akili zikamruka. Mbele yake alisimama mtu na rungu, akamtambua: Salimu. Si Salimu aliyempiga Alen, alikuwa upande mwingine kabisa, lakini Hashimu hakuhitaji sababu mpya. Alimpiga kwa fimbo ya mkwaju kwa nguvu zake zote, kwanza kwenye mkono wenye rungu, mfupa ukalia, kisha begani, kisha tena kwenye mkono uleule ulipokuwa unaning'inia. Salimu alipiga magoti. Hashimu aliinua fimbo kwa mara nyingine, na safari hiyo alikuwa analenga kichwa.

"Salimu!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kutoka chini, kwenye ukungu, katikati ya wanaume wanaopigana.

"Salimu wangu, nakufa huku!"

Salimu aligeuza uso. Hashimu aliuona uso ule ukibadilika na hatausahau mpaka anaingia kaburini. Kijana alitambaa kwa mkono mmoja kwenye matope mpaka kwenye machela, akaliinua blanketi, akaona. Alianza kupiga ukunga, neno moja tu, jina la mke wake. Wa karibu wakaacha kupigana, kisha wa mbali kidogo, mpaka uwanja mzima ukawa unasikia mtu mmoja tu.

"Gari!" Mwanamisi alikuja mbio, kanga imechanika. "Gari liko wapi?"

Mmoja wa vijana wa Taa alitupa rungu lake chini akajifunika uso.

Miti ya machela haikuwepo tena. Ilichomolewa kwenye magunia ikatumika, mmoja umevunjika mgongoni mwa mtu, mwingine umetupwa gizani mwa ukungu. Wakagonga mlango wa darasa waombe meza au ubao wa kumlazia, waliokuwa ndani wakazidi kuukaza kwa madawati, wakidhani zamu yao imefika. Rahabu akakunja blanketi kingo, akawaambia washike pande zote. Walishika wa Juu na wa Chini, damu ya huyu inamchuruzikia yule, wakaondoka nusu kukimbia kwenye barabara ya gari. Hashimu alikuwa mbele. Salimu alikimbia pembeni, mkono umemlegea, akijaribu kushika blanketi kwa mkono mzima na kila mara akikosa hatua na kuwachelewesha, mpaka wakamwambia aachie. Mpasua mbao yule alikuwa na mabega yenye nguvu kuliko yote Kisiwani. Mkwewe alikuwa amemvunja.

Alen walimwacha uwanjani, kichwa chake mapajani mwa mkewe. Alikufa kabla hawajafika kona ya kwanza.

Walimbeba Rukia mpaka giza likaingia na mbali zaidi. Wakakuta lori la kabichi limeharibika njiani, likatengenezwa mbele ya macho yao, dereva akatupa mzigo wake wote shimoni bila kuombwa, wakampakia. Hospitalini madaktari walimpasua mara alipofika. Mtoto alikuwa wa kiume, mzito, nywele tele, na alikuwa ameshakufa. Daktari, mwanamke kijana aliyechoka, aliwaambia Hashimu na Salimu wakiwa wamekaa benchi moja kwamba kizazi kilikuwa kimepasuka, wamelazimika kukitoa. Kisha akauliza, bila ukali, kwa nini walichelewa hivyo, na uchungu ulianza alfajiri.

Salimu alimwangalia Hashimu. Hakuwa amejua, mpaka dakika ile, kwamba mkewe alikuwa na uchungu tangu alfajiri.

"Baba," alisema, "kwa nini hukuniita?"



Polisi walifika Kisiwani wakachukua watu, wakawaachia wengi, wakabaki na wachache. Aliyempiga Alen panga hakutajwa. Ukungu ulimficha, na watu wakamficha zaidi. Faraji alishinda udiwani. Mjane wa Alen alipopelekewa mchele na sukari na diwani mpya, aliupokea mchele kwa adabu, kisha akawamwagia kuku mbele ya macho ya huyo diwani. Walionielezea habari hii wanasema alifanya vibaya. Mimi sioni.

Siku Rukia aliporuhusiwa, gari liliwashusha shuleni. Kijiji kilikuwa kimekuja kumpokea, vitongoji vyote viwili, wamesimama wamechanganyika, na baadhi yao bado wana bandeji. Watu walikuwa wamejuta kwa kweli, haikuwa maigizo. Katikati yao palikuwa na machela mpya, ya chuma, ya kununua, kitambaa chake cha buluu hakijawahi kulaliwa. Faraji mwenyewe alisimama kando yake.

"Karibu nyumbani, binti yetu," Faraji alisema. "Panda, watakuteremsha taratibu. Hii ni ya kijiji kizima sasa, haina Taa wala Mtungi."

Rukia aliitazama ile machela. Alikuwa amekonda, kashika tumbo kwa viganja viwili mahali pa mshono, na midomo yake ilikuwa mikavu. Alitazama wanaume waliokuwa wameshajipanga kwenye vishikio, wanne, wawili wa Juu na wawili wa Chini, wamechaguliwa hivyo kwa makusudi.

"Nitatembea," alisema.

"Mama, huwezi, mlima ule..." Faraji alianza.

"Nimesema nitatembea."

Alimpa mama yake mkono, wakaanza. Hashimu alikuwa ameshatangulia mbele kwa mazoea, fimbo mkononi, anasogeza mawe kwa mguu njiani. Rukia alipomfikia kwenye ule mwanya wa kingo mbili za udongo alisimama.

"Tate, nipishe."

Hakusema kwa hasira. Hashimu aliegemea udongo akampisha. Salimu, mkono wake umefungwa plasta mpaka begani, alikuwa anakuja nyuma, akafika hapohapo. Rukia akageuka akamwambia naye abaki.

Basi walibaki wawili mwanyani pale, baba na mkwe, wakiwasikiliza wanawake wale wanavyoteremka. Kila baada ya hatua chache walimsikia akisimama, anahema, mama yake anamwuliza jambo, kisha wanaendelea. Mara moja alilia kwa maumivu, na wote wawili waliinua mguu kwa pamoja, na wote wawili wakaurudisha. Walikaa hivyo mpaka mlango wa nyumba kule Chini ukasikika ukifunguliwa na kufungwa.